Majaketi Kumi na Mawili

Mukhisa aliiomba kazi ya kuhesabu watu kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika barua kwa kalamu ya buluu, akaipeleka kwa naibu chifu, kisha akarudi nyumbani akimwomba Mungu barua hiyo ipotee. Haikupotea. Agosti ya mwaka 2009 akajikuta amevalishwa kofia na fulana ya sensa, mkoba umemning'inia begani, anapita boma hadi boma huko Saboti akiwauliza watu wazima mambo ambayo wazee wetu hawakuyauliza hata kwa kunong'ona.

Maana kwetu mtu hahesabiwi. Muulize mama wa Kibukusu ana watoto wangapi, atakutajia majina mpaka uchoke, lakini namba hutaipata. Ukimnyooshea mtoto kidole ukasema moja, mbili, umekiita kifo kije kichague. Watu wa Nairobi waliochapisha zile fomu walilijua hilo au hawakulijua, shauri yao. Waliotumwa kuuliza tulikuwa sisi wenyewe kwa wenyewe.

Mukhisa alilijua kuliko wengi, kwa sababu alifundishwa kwa kofi. Alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza, na hesabu ilikuwa imemlevya. Alihesabu mawe, alihesabu makopo, alihesabu kuku wa watu. Mama yake alikuwa kibarua wa kupalilia mahindi katika mashamba makubwa, akiondoka alfajiri na kurudi jua likizama, kwa hiyo mtoto alishinda na kula kwa jirani ng'ambo ya kijito, kwa Nasambu. Siku hiyo watoto wa Nasambu walikuwa wameketi nje ya jikoni. Mukhisa akamnyooshea Edah kidole: moja. Akamnyooshea Joy: mbili. Kidole kilikuwa kinakwenda kwa wa tatu, Kizito, mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni mwa mama yake, ndipo kofi likatua mkononi hadi kidole kikafa ganzi.

"Usihesabu watoto yangu!"

Nasambu hakuwa mwanamke wa kuweka hasira. Kabla ugali haujaiva alimvuta mtoto karibu, akampangusa machozi kwa pindo la leso, akamwonyesha uchaga wa vyombo. "Ukitaka kujua kama wote wamekula, hesabu sahani. Sahani haina roho. Hakuna kitu inaweza kufanyika sahani." Mukhisa akahesabu sahani. Zilikuwa kamili, na kwa hiyo watoto walikuwa kamili. Akaona ni jambo la akili sana, na akalishika maisha yake yote. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Mwaka wa tisini na saba alichukuliwa jeshi la majini, yeye ambaye maji makubwa kuliko yote aliyokuwa ameyaona ni bwawa la mzungu aliyehama. Wakampeleka Mombasa, wakamfundisha kuogelea kwa kelele, kisha wakampangia boti ya doria. Picha yake ilipofika nyumbani watu walicheka. "Sasa hii ndio meli, bana? Si hii ni kama basi mbili zimefungwa pamoja?" Walisema kweli, ilikuwa ndogo. Ilikuwa na injini mbili zilizowaka moto kama jiko la msiba, na bunduki moja kubwa mbele ambayo siku nyingi ilikaa imefunikwa turubai. Siku nyingine ilizunguka mlango wa bandari, ikisimamisha vyombo vidogo na kuuliza karatasi. Siku nyingine iliwabeba makuruta, kumi na wawili kwa safari, ikaenda kuwatupa majini ili wajifunze kutoogopa.

Mukhisa aliipenda boti ile. Miaka mitano alikaa chini kwenye injini, masikio yakaziba, kucha zikawa nyeusi, na hakulalamika. Alipopanda cheo akaletwa juu, akapewa kazi ya kuwapokea makuruta kutoka majini. Ilikuwa kazi rahisi. Kuruta anapanda ngazi ya kamba, anavua jaketi la kuelea, analitundika kwenye ndoano. Anayepokea anamgusa bega na kutaja namba yake kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi kumi na mbili. Ndivyo sheria ilivyosema, mguse bega. Mukhisa alisimama pale ngazini akataja namba kwa sauti ya kiaskari kabisa, lakini mkono wake haukugusa mtu na macho yake hayakumtazama mtu. Alitazama ndoano. Jaketi la kwanza, moja. Jaketi la pili, mbili. Kwa miaka minne hakuna aliyegundua, kwa kuwa kila jaketi lilikuwa limetoka na mtu wake.

Alipokuja likizo mwisho wa 2004, Kizito alikuwa kijana wa miaka ishirini, amemaliza fomu four na anabebea watu mahindi sokoni. Mukhisa ndiye aliyemwambia kwamba jeshi linachukua watu Kitale. Kizito alijua kuogelea tangu utotoni, katika bwawa lile lile la mzungu, na alikuwa na kifua cha kupendeza waandikishaji. Akachukuliwa. Siku ya kuondoka Nasambu aliwasindikiza wote wawili hadi stejini, akashika mkono wa Mukhisa. "Nakupea huyu," alimwambia. "Umwangalie." Mukhisa akacheka, akasema, "Mayi," yaani mama, "si ni kama ndugu yangu?"

Machi 2006 boti ilitoka na makuruta kumi na wawili, Kizito akiwa mmoja wao. Bahari ilikuwa imechafuka kidogo, si ya kutisha. Waliruka mmoja mmoja, wakaogelea hadi kwenye boya na kurudi. Katikati ya njia kijana mmoja wa Bungoma, Naim, alikatikiwa na mikanda ya jaketi lake. Akaanza kumeza maji. Kizito alikuwa karibu. Akavua la kwake, akamvisha, akamsukuma kuelekea ngazini. Naim alipanda akitapika, jaketi la Kizito mwilini, na lile lake lililokatika amelikamata mkononi kwa hofu, hajui hata kwa nini hajaliachia. Wenzake wakamvua lile, wakamnyang'anya hili, wakayatundika yote mawili.

Mukhisa alitazama ndoano.

"Wangapi?" kamanda akauliza kutoka juu.

"Kumi na wawili, afande."

Injini zikanguruma, boti ikageuka. Alizisikia injini tu. Kama kuna mtu aliyeita nyuma yao, masikio yake ya miaka mitano ya injini hayakumsikia, na mpaka leo hilo ndilo linalomwamsha.

Bandarini majina yaliitwa. Kizito hakuitika. Walirudi, wakatafuta siku mbili na nusu, boti ile na nyingine. Hawakupata mtu wala kiatu.

Maofisa wakaketi kuuliza. Naim alikumbuka mkono uliomvisha jaketi, basi. Baada ya hapo hakujua kitu. Wakamuuliza Mukhisa: "Ulihesabu watu?" Akasema, "Ndiyo, afande. Niligusa kila bega." Angeweza kusema vingine. Mdomo ulifunguka na uongo ukatoka wenyewe, na ukishatoka mbele ya maofisa watatu na karani, haurudi. Kama watu kumi na wawili waliguswa mabega na Mukhisa na kumi na mmoja ndio waliofika bandarini, basi mmoja aliruka tena. Hawakuwa na namna nyingine ya kuandika. Wakaandika kwamba Kizito, baada ya Mukhisa kumgusa bega na kumpokea botini, alijitosa tena majini bila ruhusa.

Barua yenye maneno hayo ilifika Saboti. Nasambu alimwambia Joy aisome, akamwambia airudie, akamwambia airudie tena. Halafu akaikunja. "Kizito hajawahi fanya kitu bila ruhusa," akasema. "Hata chai ya pili alikuwa anaomba. Hawa wanaongea juu ya mtoto wa mtu mwingine." Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Watu walidhani ni uchungu umemvuruga. Haukuwa umemvuruga. Alikuwa anamjua mwanawe, na barua ilikuwa inasema uongo, na uongo huo ndio uliomweka Kizito hai kwa miaka mitatu na nusu.

Kwetu mtu akipotelea mbali na mwili usirudi, huzikwa mgomba. Shina linakatwa, linavishwa shuka, linalazwa kaburini kwa jina lake, watu wanalia, mambo yanakwisha. Mashemeji wa Nasambu walikuja mara tatu na maneno hayo. Mara tatu aliwapikia, akawashukuru, akawafukuza. Mwaka wa vita vya mlimani, watu wengi walipochukuliwa wasirudi, migomba mingi ilikatwa Saboti. Ule wa Nasambu ulibaki umesimama nyuma ya jikoni, ukizaa na kuzaa.

Mukhisa hakumaliza mwaka jeshini. Aliacha kazi, na badala ya kurudi kwao akajificha Bungoma, akatengeneza injini ya kinu cha Abdi, mfanyabiashara wa karibu na msikiti. Abdi alimpenda kwa sababu hakunywa, hakuongea na hakuomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Unga ulimjaa nyusi, akawa mzee wa miaka thelathini. Mara moja alimwona Nasambu sokoni Kitale, akaingia duka la viatu akakaa humo akijaribisha viatu ambavyo hakuwa na nia ya kununua, mpaka mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. Alirudi Saboti mama yake alipovunjika mguu tu. Sensa ikamkuta hapo, waliomaliza fomu four kijijini wakiwa wawili watatu, na yeye mmoja wao.

Alipanga vizuri. Upande wa ng'ambo ya kijito alimwachia karani mwenzake, Chemutai, binti kutoka eneo la Kwanza mwenye adabu na kikohozi. Siku ya tatu asubuhi Chemutai akamjia amekunja uso.

"Huyo mama wa pale amenikataa. Ati hawezi hesabiwa na mgeni. Ati anataka mtoto wa nyumbani, ati wewe."

"Mwambie niko mgonjwa."

"Nimemwambia uko kazi. Si nilikuona jana? Enda tu, Mukhisa, ni dakika kumi."

Akavuka kijito. Miguu ilimpeleka, yeye mwenyewe alikuwa ameshakufa njiani.

Nasambu alikuwa amemwekea kiti nje ya jikoni, mahali pale pale. Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wanaongojea, uso mzima umeegemea upande wa njia. Edah, aliyerudi kutoka alikoolewa, alikuwa anachambua mboga. Joy alikuwa anaosha vyombo na kuvipanga uchagani, sahani nne, moja ikiwa ya Kizito.

"Karibu, papa," Nasambu akasema, akimwita baba kama mama anavyomwita mwanawe. "Umekonda. Bungoma hawapiki?"

"Wanapika, mayi."

"Haya. Uliza kitu yako."

Akauliza nani alilala hapo usiku wa sensa. Akajibiwa: Mimi, Edah, Joy. Akauliza umri, akauliza dini, akauliza maji ya kunywa yanatoka wapi, akauliza paa ni la nini ingawa alikuwa akilitazama. Kalamu ilienda. Kisha akafika kwenye maswali ya akina mama, na kalamu ikapunguza mwendo. Watoto uliowazaa. Wanaoishi hapa. Wanaoishi kwingine.

"Kizito," akasema Nasambu. "Andika ako kwingine."

Mukhisa akaandika. "Na... na waliofariki?"

"Hakuna. Weka sufuri."

Hapo palikuwa na kisanduku kidogo, na kalamu juu yake. Sufuri ni rahisi kuandika. Angeiandika, akakunja fomu, akavuka kijito, na serikali isingejua tofauti, wala Nasambu. Angekufa mzee akiosha sahani nne. Mukhisa alishusha kalamu ili aandike, nawaambia ukweli, aliishusha.

"Nilitaka kukuuliza kitu," Nasambu akasema. "Hiyo ndio nilikuitia. Barua ilisema ulimgusa bega."

Kalamu ikasimama.

"Mimi najua hakuruka mara ya pili. Hiyo wamedanganya. Lakini ulimgusa. Nimekaa hii miaka yote nikitaka kukuuliza. Hiyo bega ilikuwa inatetemeka? Alikuwa anasikia baridi?"

Edah aliacha mboga. Mukhisa alitazama mkono wake wa kuume kama mkono wa mtu mwingine. Alikuwa amejiandaa kwa kila swali la dunia kwa miaka mitatu na nusu, lakini hilo hakulitazamia. Akalia. Hakulia kwa heshima, alilia kama mtoto aliyepigwa, kofia ya sensa ikamwanguka.

"Sikumgusa, mayi. Sikugusa mtu yeyote. Nilihesabu majaketi."

Akamweleza yote. Alimweleza mikanda iliyokatika, na Naim, na majaketi mawili yaliyopanda na mtu mmoja. Alimweleza injini. Alimweleza maofisa watatu na alichowajibu. Joy aliziba mdomo kwa mkono wenye povu. Nasambu hakumkatiza hata mara moja, alisikiliza kwa kichwa kilichoinama kidogo, jinsi watu wanavyosikiliza mahubiri.

"Alivua jaketi yake," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mayi."

"Akamvalisha mwingine."

"Ndiyo."

"Na hakuruka tena."

"Hakutoka majini hata mara moja. Ni mimi nilisema. Yeye hakukosea kitu."

Uso wa Nasambu ukaacha kuegemea njia. Ukarudi, ukanyooka, na ilikuwa vibaya kuutazama.

"Basi ni yeye," akasema. "Huyo sasa ni Kizito."

Edah akapiga ukemi wa msiba, ule mmoja mrefu ambao maboma yote yanaujua. Ng'ambo ya kijito mbwa wakaanza kubweka. Nasambu hakulia. Alikuwa bado na swali.

"Lakini kwa nini majaketi? Wewe hukuwa mtoto mjinga. Walikuambia uguse watu. Kwa nini uhesabu majaketi?"

"Ni uvivu tu, mayi."

"Wewe hukuwa mvivu."

"Ni uvivu. Ni mazoea mabaya. Nisamehe, ni uvivu."

Alilisema mara nyingi mno. Nasambu alimtazama, akautazama mkono wa kuume aliokuwa ameuficha chini ya fomu, kisha macho yakampita polepole yakaenda kwenye uchaga, ule ule wa siku ya kofi. Sahani nne, safi, zinachuruzika maji. Mukhisa aliyaona macho hayo yakifika pale na yakikaa. Hilo ndilo alilokuwa amekimbilia Bungoma lisitokee. Kufungwa angefungwa, kulaaniwa angelaaniwa, lakini hili hakutaka alione.

"Si wewe," akasema haraka. "Mayi, si wewe."

Nasambu alinyanyuka kwa kushikilia nguzo, akaenda uchagani, akatoa sahani moja, akaipangusa kwa leso, akaiingiza ndani. Aliporudi alisimama wima.

"Joy, enda kwa baba zako wadogo. Waambie wakuje na panga. Ule mgomba wa nyuma ya jikoni." Joy akaanza kwenda. "Ngoja. Kuja kwanza hapa. Na wewe, Edah, nyamaza kidogo, kaa hapo karibu na yeye."

Wakaketi wawili nje ya jikoni, watu wazima, mmoja na povu mikononi, mwingine na machozi.

"Mukhisa. Maliza kazi ya serikali. Hesabu watoto yangu."

"Nitaandika majina, mayi. Majina inatosha."

"Na kidole," akasema Nasambu. "Venye ulikuwa unataka."

Alikataa kwa kichwa. Nasambu alingoja. Alikuwa amezoea kungoja. Ukemi ulikuwa umeshaitikiwa, watu walikuwa wanasikika wakishuka kutoka juu, na bado alisimama palepale anangoja, mpaka Mukhisa akautoa mkono chini ya fomu na kuunyoosha.

"Moja," akamnyooshea Edah.

"Mbili," akamnyooshea Joy.

Kidole kikaendelea chenyewe, kikaenda kwa Nasambu, mahali pa mgongo ambapo siku ile palikuwa na mtoto. Mukhisa akafumba macho, kidole kiko hewani, akangoja kofi. Kofi halikuja.